Mtama Uliozuiwa Bandarini

Kasulo,
Ngara, Kagera.
8 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Fabrice,

Najua umekwisha kunisalimu moyoni kabla ya kufungua bahasha, kwa hiyo marahaba, mwanangu. Hujambo wewe na Ineza? Baridi ya Ubelgiji imepungua? Sisi tu wazima. Goti langu hulalamika asubuhi, likipata jua linatulia.

Nina habari iliyonifanya nikamate kalamu kabla ya chai. Unakijua kikundi cha ususi cha mama yako, Suzan. Mwaka huu walipata mnunuzi wa vikapu vyetu vya mifuniko iliyochongoka, naye ana duka hapohapo Antwerpen unapoishi. Wakasuka, mzigo ukaondoka, ukazuiwa bandarini. Kwani ndani ya kila kikapu walikuwa wametia kiganja cha mtama! Desturi yetu unaijua: chombo hakiendi kwa mtu kitupu, maana ni kama kumtakia njaa. Lakini nchi za watu haziruhusu nafaka kuingia bila kukaguliwa, isije ikaleta wadudu, na wana haki. Mtama ukateketezwa, vikapu vikapita. Mnunuzi amevipenda, ameagiza vingine, ila vije vitupu.

Mama yako akakataa. Na yeye akikataa, kikundi kizima kinaweka sindano chini.

Basi Jumapili iliyopita baada ya misa tukafanya mdahalo juu ya utandawazi katika ukumbi wa parokia, nami nikapewa uenyekiti. Nilieleza maana ya neno hilo, na chanzo chake, mpaka katekista Juvenali akaninong'oneza kwamba watu hawajala. Vijana walisema simu, dawa na masoko vimetufikia kwa njia hiyo. Wazee wakajibu kwamba kwa njia hiyohiyo mitumba imewanyima kazi mafundi cherehani wetu, na sasa tunaambiwa hata adabu tuiache mlangoni. Wote walisema kweli, ndiyo maana sikuweza kuamua.

Kisha dada yako Zita akasimama. "Mama, pale sokoni unaviuza vitupu, tena unacheka na wateja."

"Wa sokoni namwona," mama yako akajibu. "Akifika kwake, shangazi au jirani atakitilia kitu. Huko kuna nani?"

"Huko kuna Fabrice."

Mwanangu, nimefundisha miaka mingi, sijaona darasa likielewa somo ghafla namna ile. Mama yako aliketi, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Akasema, "Basi huyo mvivu na aende."

Kwa hiyo kazi ni yako. Mzigo ukifika, nenda dukani na mtama, au nafaka yoyote inayouzwa huko, utie kiganja kimoja katika kila kikapu kabla hakijapangwa. Zita amekwisha kumweleza mwenye duka, asije akadhani umerukwa na akili, naye amekubali.

Mke wangu Scolastica anakusalimu, na Marcel wa jirani, na Juvenali. Zita anasema usimwaibishe, maana ameahidi kwa niaba yako mbele ya parokia nzima. Mungu aujaze mkono wako, nawe usichoke kuufungua.

Tujibu upesi, ingawa mama yako hakungoja jibu: tangu jana anasuka.

Mjomba wako akupendaye daima,
Rogasian