Redio ya Baba na Dole Lako

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya Baba.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, mkeo na mtoto. Habari za siku nyingi? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unakaa kiti cha mbele cha gari kwa kujipinda? Na mtoto ameshaota meno ya juu? Picha ya mwisho mliyotuma alikuwa na mawili tu ya chini, na Baba aliicheka picha ile wiki nzima.

Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, na presha yake imetulia. Mimi miguu inavimba kwa kusimama na pasi kutwa pale kwa dobi, ila hilo si jipya. Nimeanza na salamu kama tulivyofundishwa, maana nikishaingia kwenye habari yenyewe naweza kuzisahau.

Nimekuandikia kwa karatasi makusudi. Kwenye simu ungeniwekea dole gumba la kukubali, basi.

Unakumbuka nilikupigia nikakwambia Baba hasikii. Ulicheka, ukasema wazee wote ndivyo walivyo, wanasikia wanachotaka. Mimi sikucheka. Baba alipiga gitaa la besi miaka yote ile ukumbini, amesimama katikati ya ngoma na spika, na kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha mimi na wewe. Masikio aliyaacha kule. Siku hizi anatusoma midomo, na akishindwa anacheka pale wengine wanapocheka. Mwezi uliopita alicheka hivyo jirani alipokuwa akisimulia msiba, nikalazimika kwenda kuomba radhi kwa niaba yake.

Ulichangia pesa ya redio ya Baba, ya kuusikia muziki kwa mtetemo, sikatai, na nilikushukuru siku ile ile. Ulituma na picha ya ile uliyoipenda, nyembamba kama rula, ya kutundika ukutani. Tuliikuta dukani. Muuzaji aliifungulia mpaka wateja wakaziba masikio. Baba akaweka kiganja juu yake, akafumba macho, akatikisa kichwa. Akamwambia muuzaji, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia anapozungumza, kwamba hii inapiga kelele lakini haisemi kitu.

Tulizunguka mchana kutwa. Tulionyeshwa zenye taa za rangi, zenye maikrofoni, zenye kila kitu isipokuwa kile tulichokifuata. Wauzaji walizungumza na mimi, wakidhani mzee amekuja kunisindikiza, kumbe yeye ndiye anayenunua. Anapita tu akibandika kiganja kwenye maboksi kama anayepima watoto homa.

Mwisho tuliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika. Sabufa ya mbao yenye redio ndani, kubwa kama meza ya sebuleni, kona moja imechubuka, kitambaa cha mbele hakipo. Bei tuliimudu. Muuzaji alipoiwasha Baba aliweka kiganja kimoja, akaweka na cha pili, kisha akakaa pale pale sakafuni akaiegemea kwa mgongo. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya goti. Alilia, Kaka. Baba yetu alilia dukani, na muuzaji akajifanya anatafuta waya.

Hapo nyumbani ndipo tulipokosea, na sitajificha. Tuliichagua kwa viganja na mahali pa kuiweka tukapachagua kwa viganja. Tuliisukuma mpaka kwenye ukuta wa kitandani, kwa sababu ukuta ule ukitetemeka kitanda nacho kinatetemeka, na Baba anasikia akiwa amejilaza. Hatukukumbuka kwamba upande wa pili ni sebule ya mdogo wetu, ambaye tangu afungue lile kundi la familia kwenye simu namwita Mwenyekiti. Kabati la vioo la mkewe limeegemea ukuta huo huo. Glasi zake za harusi zilicheza dansi, na moja ikaanguka.

Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Nikamwambia mkewe kwamba Jumapili, nikiwa sina kazi, nitaihamishia ukuta wa nje. Akanijibu hamna neno, wifi. Nami nikamwamini.

Jumapili haikufika. Nikiwa kazini, Mwenyekiti aliandika kwenye kundi kwamba redio ya chumba cha nyuma inabomoa nyumba, na kwamba mpangaji wetu, yule nesi wa chumba cha mbele, hapati usingizi. Anayekubali iondoke aweke dole. Baadaye nesi aliniambia kwamba hajawahi kulalamika kwa mtu yeyote. Jioni, muda Baba anapoiwasha, yeye huwa zamu, na siku zake za mapumziko alikuwa akiacha mlango wazi ili asikilize.

Shangazi aliweka dole, na hajakanyaga hapa tangu tumzike Mama. Binamu wakaweka. Nawe ukaweka. Nilipoitua pasi nikashika simu, mambo yalikuwa yamekwisha, na chini ya madole yenu Mwenyekiti ameandika, "Wengi wape." Baba hayumo kwenye kundi. Simu yake ni ile ya kubonyeza, haijui kura.

Najua ulikuwa kazini. Najua hukusoma yaliyoandikwa juu, uliona madole ya wenzako ukaongeza lako. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa na sababu, ningegombana na hiyo sababu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini dole lako lilikuwa mbali na liliua.

Mwenyekiti na mkewe walimngoja Baba aende kliniki, wakaibeba, wakamuuzia kinyozi wa pale kona. Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani anatazama mahali ilipokuwa. Akaniuliza iko wapi. Nilishindwa kumwambia kwamba wanawe wamemkalia kikao. Nikatamka polepole ili aone midomo: imeharibika, iko kwa fundi. Akaitikia kwa kichwa, hakuuliza fundi yupi.

Kesho yake nilimkuta jikoni amebandika kiganja kwenye friji. Nikamgusa bega. Akageuka akitabasamu, akasema, "Huyu anajua noti moja tu, lakini hachoki."

Nilicheka naye. Halafu nikaenda chooni, nikafungua bomba, nikalia.

Baada ya hapo Baba akaanza kwenda kunyoa. Unamjua Baba, Kaka, kichwa chake kimekuwa yai tangu tukiwa shule. Lakini ataaga, ataondoka, atarudi ananukia spiriti na poda. Nilidhani uzee umeanza kumchezea, na Mwenyekiti akaanza kusema tumpeleke akapimwe akili.

Juzi nilimfuata. Kinyozi alikuwa akizungusha mashine juu ya kichwa kisicho na unywele hata mmoja, kwa heshima zote. Baba ameshusha mkono pembeni ya kiti, kiganja kiko juu ya sabufa, kwenye ile kona iliyochubuka. Vidole vya mkono wa pili vinatembea chini ya shuka. Kinyozi aliniambia kwamba mzee akiingia tu yeye huongeza besi, kwa sababu ameona anaipenda.

Nilikaa kwenye benchi mpaka alipomaliza. Tulipotoka nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza aliyopita pale, miguu ndiyo iliyomwambia. Na alijua pia kwamba kitu hakitoki nyumba ile bila mtoto wa kwanza kuridhia. Akanishika mkono, akajaribu kunong'ona, jambo ambalo siku hizi haliwezi, kwa hiyo nadhani mtaa mzima ulisikia.

"Usimwambie kaka yako kwamba najua. Ataona aibu, na huko aliko hana wa kumtuliza."

Nilimwahidi. Barua hii ndiyo kuivunja ahadi yenyewe. Baba hataki uone aibu. Mimi nataka uione, ukae nayo, ule nayo chakula cha jioni.

Usitume redio nyingine. Akiipokea itambidi akiri kwamba alijua, na amekataa kukiri kwa ajili yako. Nilimwomba kinyozi aturudishie ile ile, niseme imetoka kwa fundi. Alikataa kwa adabu. Alisema imemletea wateja, na mmoja wao ni baba yako.

Mwenyekiti nimeshamwambia yangu ana kwa ana, na hatusalimiani vizuri. Kundi lake nimetoka. Ukiwa na neno na mimi, andika.

Ukija likizo usianzie nyumbani. Anzia pale kona, kaa kwenye benchi, ungoje zamu yako kama mteja mwingine.

Nisalimie mkeo, umwambie kitenge alichonipa bado nakivaa. Nibusie mtoto, kwenye shavu lile lenye kishimo. Nesi naye anawasalimu.

Mungu akutunzie masikio yako mpaka uzeeni, Kaka. Na akiona vema kuyachukua, akupe watoto wasiopiga kura.

Baba ameniona naandika. Ameketi hapa kando, hawezi kusoma bila miwani, na miwani nimeiweka mbali. Anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba redio inalia vizuri, na kwamba anakushukuru.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo, japo leo ni kwa shida.