Kulabu Nyekundu Nyuma ya Ng'ombe

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa. Huku Dutwa pacha wako Doto amejifungua salama.

Unauliza kama kweli tulipima chuma kwa ng'ombe. Ndiyo! Soko huria lilipokuja, mfanyabiashara mmoja alileta kulabu za plau za bei rahisi, akaniambia mimi mhunzi, "Mzee, zima moto wako." Nikachoma kulabu yake na yangu mpaka zikawa nyekundu. Kila moja kwa zamu nikaifunga kwa mnyororo kwenye kisiki, upande wa pili kwa ng'ombe, nikawachapa ghafla. Yake ikakatika. Yangu ikarefuka, ikashika.

Watu walishangilia, kisha wakanunua za kwake. Nami nikarudi kuvukuta moto wangu.

Mashine yenu ya kupima chuma huko chuoni ikivuta, kiangalie chuma kinachorefuka na kukataa kuachia. Huyo ndiye babu yako.