Mwambie Mama Ale

Buffalo, mtaa wa East Side

Kwako Yaya Zawadi, dada yangu mkubwa,

Natangaza rasmi kwa ukoo mzima, walio Uvira na waliotawanyika: mkanda wangu umepata tundu jipya. Nimelitoboa mwenyewe kwa msumari juu ya meza ya jikoni, na meza nayo imetoboka.

Baada ya tangazo hilo zito, habari za siku nyingi? Miguu yako imepungua kuvimba? Sisi huku tupo, theluji imeanza kuyeyuka, tunamshukuru Mungu.

Yaya, uliponipigia juzi ukasema Mama amefunga kula kwa ajili yangu, anakunywa uji kidogo jioni tu mpaka nipone, nilikaa chini. Mama ana sukari, unajua kufunga kutamfanya nini. Na ati haniamini kwenye simu, kwa kuwa wagonjwa wote husema hawajambo. Basi msomee barua hii taratibu.

Yote yalianzia Columbus, kwenye arusi ya mtoto wa binamu yetu. Watu walikula mbuzi na sambusa. Mimi nilifungua bakuli langu la maharagwe na viazi vitamu, nikameza na kidonge changu. Shangazi Mapendo, aliyekuja kutoka Louisville, akanishika mkono kama anayenunua kuku.

"Ee baba, umebaki shingo!"

"Ni chakula, Shangazi. Kwetu tumeacha nyama, mayai, maziwa na mafuta."

"Hata mawese?"

"Hata mawese."

"Donc, basi, sombe mnapikia nini?"

"Maji, kitunguu, pilipili."

"Majani ya muhogo bila mawese ni chakula cha mbuzi. Usinidanganye, mwanangu, kidonge nimekiona."

Kile ni cha vitamini, Yaya. Asiyekula nyama wala maziwa huambiwa akimeze. Lakini Shangazi alishanipiga picha nikipiga miayo, na ndiyo hiyo iliyofika kwenu.

Nilikonda kweli mwanzoni, kwa ujinga wangu. Niliondoa nyama na mafuta, nikabaki na kisahani kilekile kidogo, kazini natetemeka kama mzee. Mama mmoja wa lishe hospitalini alicheka: "Chakula chako sasa ni chepesi, ongeza!" Siku hizi nakula kilima cha viazi, maharagwe, mboga, wali wa mchele usiokobolewa, na uji wa shayiri asubuhi. Ungeniona ungesema nimetoka kulima. Uzito ulisimama tangu kabla ya Noeli, haushuki wala haupandi, na daktari anasema ndio unaonifaa. Lile tumbo mlilolisifu lilikuwa la soda.

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie asinicheke. Msalimie Baba Mdogo, na mjomba fundi cherehani, na mjukuu wako aliyepewa jina langu. Maskini, kama atarithi na sura!

Bon. Sasa ukweli wenyewe.

Anayeumwa ni Furaha, wifi yako. Alianguka kazini, kwenye ghala la Cheektowaga, kati ya maboksi. Daktari alisema mishipa ya moyo imeziba nusu, akampa dawa na kumwambia abadilishe chakula chote. Alinisihi nisiwaambie. Aliogopa mtasema nimeoa mgonjwa, nitafute mwingine.

Nikawa napika sufuria mbili, yake, na yetu na watoto. Jioni ya kwanza alichukua sahani yake akaenda kula amesimama kwenye sinki, ametupa mgongo.

"Mama Neema, njoo ukae," nikamwambia.

"Kuleni tu. Mimi nimeshazoea."

Alikuwa amezoea nini, Yaya, jioni ya kwanza? Kesho yake nilipika sufuria moja tu, ya kwake. Watoto walinung'unika kwa Kiingereza, wakala. Tangu hapo tunakaa wote mezani. Kukonda kwangu ni huko tu.

Hali yake bado ni ya kungoja. Anapanda ngazi polepole, akifika juu anashika ukuta. Jana nilimweleza kuhusu Mama, akasema, "Waandikie. Mama asikae na njaa kwa ajili ya mtu mzima asiyeumwa."

Mwambie Mama ale leo, mbele yako, ashibe. Maombi asiyaache. Ataje jina la Furaha.

Mdogo wako,
Safari