Anayegeuza Ukurasa

12 Machi 1984

Kwako baba yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mguu wa shangazi umeacha kumsumbua. Mimi sijambo, isipokuwa shingo, upande ninaoegemeza fidla.

Baba, nimepata! Miaka sita ya kufundisha watoto wa watu kushika upinde imekwisha, okestra imenichukua. Nakaa safu ya nne, kiti cha ndani. Tunakaa wawili wawili tukisoma karatasi moja ya noti. Kiti cha nje yuko mzee mmoja mkali anayenuka dawa ya kikohozi. Wa ndani, yaani mimi, ndiye mgeuza ukurasa: wengine wanaendelea kupiga, mimi naacha, nageuza, narudi.

Ijumaa ya tarehe 30 tutasikika redioni, saa moja jioni. Usihangaike kunitafuta, wapiga fidla tuko ishirini na wanne.

Mwanao

31 Machi 1984

Mwanangu Nyuzi,

Marahaba. Huku hatujambo. Shangazi yako anachechemea, lakini mdomo wake mzima kabisa.

Usinifundishe kazi. Miaka thelathini nimeketi kwenye meza hii nikisikiliza saa inayoruka mdundo mmoja katika mia, leo nishindwe kumsikia binti yangu? Jana nilisimamisha saa zote za dukani, nikabakiza ya mkononi tu, shangazi yako akadhani nimerukwa na akili. Dakika ya kumi na moja fidla zikapungua, kidogo tu. Nikasema, "Huyo hapo, anageuza." Shangazi yako akauliza kama nimefungua redio ili nimsikilize mtu anaponyamaza. Nikamwambia ndiyo, maana ukipiga wenzako wanakufunika.

Nina ombi moja. Ukigeuza, usiharakishe.

Baba yako, fundi saa

7 Juni 1991

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Shangazi je? Mimi mzima, na leo nina habari. Yule mzee wa dawa ya kikohozi amestaafu, na baada ya miaka saba nimepewa kiti cha nje. Sasa nageuziwa mimi! Kuna binti mgeni pembeni yangu, anageuza kama anafukuza nzi.

Mwanao

2 Julai 1991

Mwanangu Nyuzi,

Marahaba. Sisi wazima, usiwe na wasiwasi. Hongera sana, nimewatangazia wateja wote, hata ambao hawakuuliza.

Ila nikuambie ukweli. Ijumaa fidla zilipopungua nilijua ni mtoto wa mtu mwingine, nikafunga redio kabla hawajamaliza. Usinijali, ni ukorofi wa uzee tu. Agosti utakuja?

Mwandiko huu ni wa shangazi yako. Miwani yangu imevunjika.

Baba yako

12 Agosti 1991

Baba yangu,

Shikamoo. Pole kwa miwani. Mimi sijambo, nimechoka tu na mazoezi.

Agosti sitaweza. Ijumaa ya tarehe 23 tuna onyesho litakalorushwa moja kwa moja, na hawatoi ruhusa. Lakini nimefanya jambo. Nimemwomba yule binti tubadilishane viti siku hiyo. Alinishangaa, na mwongozaji wa okestra akauliza kama nimeamua kujishusha cheo. Nikamwambia ndiyo.

Muziki wa pili, dakika ya tisa tangu uanze. Nitageuza polepole. Desemba nakuja, sikosi.

Mwanao

25 Agosti 1991

Mwanangu,

Nakusalimu, na barua hii nimeianza mara tatu. Baba yako ametutoka Jumatano asubuhi.

Miwani haikuvunjika. Ni mikono. Ilianza kutetemeka mwaka juzi, hata kijiko kikamshinda, sembuse saa. Alinikataza kukuambia. Jumatatu nilimsomea barua yako, akaniamrisha nirudie pale pa viti, akatabasamu mpaka nikaona aibu kumtazama. Kisha akanishika mkono akasema, "Lolote likitokea, asipigiwe simu mpaka Ijumaa ipite. Akiambiwa hatapiga."

Nilimtii. Tulimzika Ijumaa mchana bila wewe, na kama nimekosea, basi kosa ni langu, nichukie mimi.

Jioni nilisimamisha saa za dukani kama alivyokuwa akifanya, nikafungua redio, nikashika saa yake ya mkononi, na dakika ya tisa nikawanyamazisha watu wote. Mwanangu, mimi sikusikia kitu. Masikio yangu si kama yake. Ndiyo maana nakuuliza, na usinifiche. Uligeuza polepole?

Shangazi yako

6 Septemba 1991

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nikuulize vipi hali yako, najua ulivyo.

Barua yako niliisomea mlangoni, koti bado mwilini. Siku nne nilikukasirikia, nikakuandikia maneno ambayo nimeyachana. Siku ya tano nikamkumbuka baba, mtu aliyekuwa akiokota skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi. Mtu huyo akae mwezi mzima na miwani iliyovunjika, na mimi niseme pole, niendelee na habari za viti! Ningeuliza swali moja tu ningekuja. Hilo ni langu, shangazi, usinibebee.

Umeniuliza. Niligeuza polepole. Niliushika ukurasa nikimwona pale mezani, saa zimenyamaza, sikio kaliweka redioni. Nikahesabu mpaka nane. Wenzangu walimaliza mstari mzima bila mimi, mwongozaji akanikazia macho, nami nilikuwa nimefurahi, shangazi. Nilikuwa nimefurahi kweli.

Nakuja kwa treni ya Jumapili. Saa za dukani usizitie ufunguo. Ziache vilevile mpaka nifike.

Mwanao