Maporomoko Uliyoyazunguka, Baba Ziyad

Kwa mpendwa wetu Humoud bin Muataz wa Bagamoyo, aliyetutoka tarehe 12 Mei 2024

Mwaka umetimia leo, Baba Ziyad, tangu uliposema unafika dukani mara moja na kurudi. Ulikuwa unampimia fundi mmoja misumari, ukaketi juu ya mfuko wa saruji upumzike kidogo, na moyo nao ukapumzika. Nusu ya mji ilikuwa imekutabiria kwamba utakufa maji. Hukufa maji. Wametahayari, na wengine nimewaambia usoni.

Wanao wamenikabidhi mimi mkeo kazi ya kuandika kumbukumbu hii, kwa hoja kwamba mimi ndiye mwenye maneno mengi nyumbani. Najua ungekuwepo ungekuwa upande wao.

Tunaukumbuka mkono wako kwenye mizani. Mtu akinunua kilo ya misumari ulimpimia kilo yake, kisha ukatupia konzi moja zaidi ndani ya karatasi na kusema, "Hiyo ni ya itakayopinda." Tunakumbuka Ijumaa zako baada ya sala, ulivyokuwa ukipita kwa wajane wa mtaani kutengeneza mabomba na bawaba za milango. Sasa na mimi ni mjane wa mtaani, na bomba langu linavuja. Ziyad anasema atalitengeneza. Anasema hivyo tangu mwezi wa Rajabu.

Lakini watu wakikutaja wewe hawaanzi na duka. Wanaanza na kayaki.

Ulitoka hapa kwenda mnadani, hoteli moja ya ufukweni ilikuwa inauza vyombo vyake, na nilikutuma viti vinne vya baraza. Ukarudi na gari dogo la Kirikuu la kukodi, na nyuma limetokeza dude la plastiki rangi ya chungwa, jembamba, lenye tundu moja katikati la kuingiza miguu. Nikauliza viti viko wapi. "Nimeleta kimoja, Mama Ziyad," ukasema. "Kinaelea." Mpaka leo barazani tunakalia mkeka.

Ulianza na maji ya Kaole. Yakakupwa ukiwa katikati ya mikoko, ukabaki kwenye tope mpaka yalipojaa tena, unawasalimia kina mama wanaookota chaza kana kwamba umekaa hapo kwa mapenzi yako. Ulirudi ukisema bahari hii ni nzuri ila haina mteremko. Sikujua kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kuilaumu bahari kwa hilo.

Mteremko uliupata ulipompelekea rafiki yako Mwinyimvua mabati shambani kwake, mbele ya Msata. Pale kuna Kijito cha Lukwele. Kiangazi, kuku anakivuka bila kulowa magoti. Masika yakikolea, kwa wiki tatu au nne, kinakuja juu, kinapita kati ya mawe kwa vishindo, na pembeni ya mihogo ya Mwinyimvua kinajitupa mita tatu na ushei ndani ya bwawa. Ulifika nyumbani ukaanza kunihadithia hata viatu hujavua. Nilikuona umekuwa kijana tena, na nikaogopa.

Msimu wa kwanza ulinichukua nikashuhudie. Ulipinduka kwenye mawe ya juu, hata kwenye maporomoko hujafika, ukaibuka huna kofia, huna kiatu kimoja, unacheka. Mimi nililia. Nikakwambia mbele ya Mwinyimvua, "Huko juu cheza utakavyo. Yale ya chini hushuki mpaka nikuitikie kwa kichwa changu mwenyewe." Ukasema, "Naam." Nilidhani umesema ili ninyamaze.

Hukusema ili ninyamaze. Ulikuwa na utaratibu wako, na uliufuata kama udhu. Asubuhi ya safari ulikuja jikoni nikikuna nazi, ukachukua kifuu kimoja. Ukifika juu ya maporomoko, unashuka, unasimama ukingoni, unakitupa kifuu majini na kukifuata kwa macho. Kikivutwa nyuma ya pazia la maji na kuzunguka humo humo, unajua kwamba na mtu atazungushwa hivyo hivyo. Basi, unajitwika kayaki kichwani na kupita njia ya miguu kando ya mihogo. Mwaka mmoja Mwinyimvua alisema, "Shekhe, tupa kingine, hiki kilikuwa na kasoro." Ukamjibu, "Nikitupa cha pili nitakuwa nabembeleza maji." Ilikuwa kifuu kimoja tu, kila mwaka.

Na kikipita salama, kikaibuka katikati ya bwawa, unaingia kwenye kayaki, unainua kafi lako juu, na kunitazama mimi. Nilikuwa nakaa kwenye jiwe la kando ya njia hiyo na chupa ya chai. Mara nne katika miaka kumi na moja kifuu kilipita. Mara zote nne nilitikisa kichwa. Na mara zote nne wewe ulishusha kafi, ukatoka, ukajitwika mzigo wako.

Majirani wa Mwinyimvua walikuwa wanakuja kutazama, wanakaa na mahindi yao ya kuchoma, wanaondoka bila kuona kitu. Hapa mjini walikuita Bwana Mzunguko. Wakikutania ulisema mwenye ruhusa yuko juu ya jiwe, kashika chai, mfuateni yeye. Hakuna hata mmoja aliyenifuata.

Siwezi kupita bila kuitaja sketi. Ndivyo ulivyokiita kile kivazi cha kufunga kiunoni na kubana kwenye tundu la kayaki ili maji yasiingie. Ulikwenda kwa fundi Mwishehe, yule aliyekuwa akikushonea kanzu, ukamwambia unataka sketi. Akauliza ya Mama Ziyad au ya binti. Ukasema yako. Masikini Mwishehe alifunga mlango kwanza ndipo akauliza vizuri. Akakupima, akaishona kwa turubai na lastiki, kazi safi. Tatizo ni kwamba alikupima kumi la mwisho la Ramadhani, na wewe ulikwenda nayo kijitoni wiki mbili baada ya Idi. Baina ya vipimo na maji kulikuwa na pilau, biriani, halua na kwa dada yako Ghalia kule Zinga mara tatu. Tulikuvuta watu wanne. Haikufika hata kitovuni. Hukutaka kuirudisha ipanuliwe, ulisema aibu ile ya mlango ilitosha. Ukaitundika nyuma ya mlango wa stoo, ukaendelea kulowa.

Mwaka jana mwezi wa Aprili, mvua unazikumbuka. Kifuu kilipita kama kimetumwa. Ukainua kafi. Nilikutazama muda mrefu kuliko miaka mingine, na nakwambia kweli kwamba nilikaribia. Maji yalikuwa mazuri, hata mimi nisiyejua niliona. Nikatikisa kichwa. Ulicheka, ukajitwika kayaki, na uliponipita pale kwenye njia ukasema, "Mwakani, Mama Ziyad." Baada ya wiki tatu ukafariki.

Eda nimeikaa nikiitazama hiyo kayaki, maana iko ukumbini, haina pengine pa kukaa. Wakati mwingine niliisema kwa sauti kana kwamba kosa ni lake. Ziyad alitaka kumpa Mwinyimvua aifanye hori la kunyweshea mbuzi. Ibtisam wetu, uliyeanza kumfundisha akiwa na miaka kumi na mitano, aliifuta vumbi. Akachukua likizo, akaenda Jinja, kule Uganda, wiki mbili kujifunza kwa watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Akarudi na alama za jua usoni na maneno mafupi: "Mama, masika nitakwenda Lukwele. Utaratibu ni ule ule wa Baba." Nilijua anachoniambia.

Jumamosi ya tarehe tatu mwezi huu tulikwenda. Nazi nilikuna mimi, na kifuu nilikitia mwenyewe kwenye kikapu, sikumngoja mtu akiombe. Mwinyimvua alitupokea na kamba ya kuokolea mkononi.

"Shikamoo, Ami," Ibtisam akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Maji yamekuja kukutazama wewe leo."

Mwanao alivaa ushungi wake, helmeti juu yake, jaketi la kuelea, na kiunoni akafunga sketi yako. Ilimkaa, Baba Ziyad. Ilimkaa kama aliyepimwa ni yeye.

Alitupa kifuu. Kikazama, nikahesabu moja, mbili, kikaibuka katikati ya bwawa na kwenda zake. Majirani waliacha kutafuna mahindi yao. Ibtisam akaingia kwenye kayaki, akabana sketi, akainua kafi juu, akanitazama.

Nisikufiche, nilikuchukia kidogo wakati ule. Ulikuwa umeniachia kichwa changu peke yangu na binti mmoja tu. Chai ilinimwagikia nisijue. Kwa kelele za maji nisingeweza hata kumwambia "subiri nifikiri". Basi nikaona jambo. Mwanao alikuwa ameshapeleka mkono mmoja mbele kulegeza sketi. Hakununa wala hakunibembeleza. Alikuwa anajiandaa kutoka na kujitwika mzigo, uso umetulia, kama wewe mwaka jana. Alishanisamehe kabla sijamnyima.

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuamini, akaendelea kunitazama. Nikaitikia tena, kwa nguvu, mpaka mtandio ukaniporomoka mabegani.

Akashuka. Nilimwona kwenye ukingo, kisha sikumwona, kisha bwawa likatoa kitu cha rangi ya chungwa kimelala kifudifudi, na roho yangu ikaenda nacho. Akajipindua mwenyewe, kwa kafi lile, akakaa wima katikati ya bwawa, akapiga kelele za furaha hata mbuzi wa Mwinyimvua wakakimbia. Watu waliokaa miaka kumi na moja bila kuona kitu waliruka juu. Mwinyimvua kwa furaha alirusha kamba ijapokuwa hakuna aliyeihitaji, akairusha yote, pamoja na ncha aliyotakiwa kuishika. Ilikwenda na maji.

Mimi nilibaki kwenye jiwe. Nilicheka, na nililia, na sikujali nani ananiona. Watu walidhani nalia kwa ajili ya Ibtisam. Ile ya kwanza kweli niliitikia kwa ajili yake. Ya pili, Baba Ziyad, ilikuwa yako, ile ya mwaka jana, niliyokaa nayo kichwani na kurudi nayo nyumbani. Nimechelewa. Lakini nimeitikia.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, Zeyana; wanao Ziyad na Ibtisam; mkweo Samia; wajukuu zako Farhan na Zaina, ambao wameshaanza kupekua jikoni wakitafuta vifuu; dada yako Ghalia wa Zinga; rafiki yako Mwinyimvua, anayedai kamba yake ilisaidia; na fundi Mwishehe, anayewatangazia watu kwamba vipimo vyake havikuwa na kosa tangu mwanzo.

Kisomo ni leo baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwetu. Nyote mnakaribishwa. Mtatusamehe, mtakaa mkekani, viti bado.

Mwenyezi Mungu akurehemu, aipanue nafasi yako, na akulipe kwa subira yako. Amin.

Hatutakusahau, masika wala kiangazi.