Komeo Lenye Ukingo wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Naliomba radhi daftari hili. Tangu Novemba sijaliandikia neno. Miaka yote niliwaambia wanafunzi wangu kwamba shajara huandikwa hata siku ya msiba, na msiba uliponifika nikafunga kalamu. Si adabu.

Mdogo wangu, fundi cherehani, ameshtakiwa. Wifi yangu huliita kosa hilo "lile jambo". Majirani husema "matatizo". Mimi nitaliandika kwa jina lake: shambulio la kingono. Mlalamikaji ni binti afanyaye kazi benki. Alikwenda dukani kupimwa sketi ya kazini. Anasema mdogo wangu alimfungia katika chumba cha kupimia, akamshika kwa nguvu. Mdogo wangu anasema hakumgusa ila kwa futikamba.

Yuko nje kwa dhamana. Mdhamini ni mimi, na nyumba hii ndiyo iliyowekwa rehani. Masharti ni wazi: asimkaribie binti, asikanyage dukani, asivuruge ushahidi wala yeye wala mtu wake. Akivunja moja, yeye anarudi rumande nami nabaki bila paa.

Leo wakili alitueleza mengine. Akitiwa hatiani ni jela, faini haipo. Akitoka, jina lake litabaki katika orodha ya wakosaji wa namna hiyo, na kazi yoyote ya kugusa mwili wa mtu atakatazwa. Wifi akauliza kama mapazia ataruhusiwa kushona. Wakili akasema mapazia hayana mwili. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 5 Machi

Mahakamani. Binti alitoa ushahidi. Mdogo kwa umbo, sauti haikutetemeka. Nilitaka itetemeke — ningepata pa kushikia.

Wakili wetu alimwuliza alijuaje kwamba alikuwa hatarini, ikiwa fundi alikuwa bado hajamgusa. Akajibu: "Nilisikia komeo. Fundi wa kupima sketi anafunga komeo la nini?"

Mdogo wangu akasema kwa kiapo kwamba mlango ule haujawahi kuwa na komeo. Nikaitikia kwa kichwa kumwunga mkono. Nilikuwa na sababu. Marehemu mama ndiye aliyetufundisha kazi katika chumba kile, na kanuni yake ilikuwa hii: mwanamke akipimwa, mlango huegemezwa kiti ubaki wazi, na ncha ya juu ya futikamba huishika mteja mwenyewe. Fundi hushika ya chini tu. Mimi nilikwenda kufundisha, mdogo wangu akarithi duka na kanuni.

Hakimu ameamuru mahakama nzima iende dukani kukagua mlango, Ijumaa ya tarehe 14. Nimefurahi. Mlango hausemi uongo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku njema kidogo, hatimaye. Mdogo wangu alikuja na bisibisi mfukoni. Mwaka mzima nimelalamika kwamba mlango wa bafu langu haufungiki, hata mgeni akiingia huko lazima aimbe. Leo amenifungia komeo. Zito, la shaba, halina kutu. Nikamwambia hajapoteza mkono. Akasema, "Kwetu hakitupwi kitu, Dada."

Kweli. Mama hakutupa hata kifungo. Shati likichakaa alikata vifungo na kulabu, akavitia koponi. Mdogo wangu ni yule yule.

Alikula, akanawa, akaondoka akipiga mluzi. Nilimhurumia.

Jumapili, 9 Machi

Nilipofunga bafu asubuhi niliona rangi kwenye ukingo wa komeo. Kijani. Mstari mwembamba, pale brashi inapogusa komeo fundi rangi akiwa mvivu.

Nyumba hii haina rangi ya kijani. Naijua milango ya kijani mahali pamoja tu.

Sikwenda ibadani.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda dukani kwa kisingizio cha gauni langu lililobaki huko. Wifi alikuwa akipaka mlango wa chumba cha kupimia. Rangi mbichi, harufu inachoma macho. Nilimwuliza mbona mlango mmoja tu, na ule wa mbele umebabuka. Akasema mgeni hupokewa kwa usafi, wifi yangu, sembuse hakimu.

Alipokwenda kutafuta gauni nilipitisha kidole. Usawa wa kifua: matundu madogo ya skrubu yamezibwa kwa puti, bado ni laini. Mpangilio wake naujua. Ninautazama kila nikioga.

Nilirudi na kijani kwenye kidole. Hakitoki kwa sabuni.

Jumanne, 11 Machi

Wakili amenitaka nisimame mbele ya mlango siku ya Ijumaa, nile kiapo, niseme nimelijua duka lile tangu nikiwa mtoto na kwamba komeo halijapata kuwapo. Watu wananiamini, akasema. Nusu ya mahakama nimeifundisha kusoma.

Nikamwuliza, kama swali la darasani tu, adhabu ya shahidi anayeapa uongo. Jela, akasema. Na mshtakiwa ambaye watu wake wanaondoa kitu cha ushahidi? Dhamana inafutwa siku ile ile. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, kuna jambo ninalopaswa kulijua?"

Nikamjibu kwamba sentensi yake ni sahihi. Jibu la kijinga! Lakini hakuuliza tena. Nadhani hataki kujua.

Laiti mdogo wangu angelitupa shimoni. Mtu yeyote mwingine angelitupa. Ni mtoto wa mama yetu tu awezaye kuona hasara kulitupa komeo zima.

Jumatano, 12 Machi

Sikulala vizuri. Nimekuwa nikioga mlango ukiwa wazi.

Alhamisi, 13 Machi

Alasiri. Nilikuwa nimekaa na daftari hili nilipowaona wakiingia uani, mdogo wangu na wifi. Bisibisi tena. Wifi akasema wamepata komeo zuri zaidi, jipya, wanataka kunibadilishia. Nikasema hili linanitosha. Mdogo wangu akacheka akasema tangu lini nikakataa kipya. Wifi hakucheka. Akasema ameiona alama ya kidole changu kwenye rangi, niliyoyaona dukani niliyaona, hakuna haja ya kuzunguka, na damu nzito kuliko maji.

Nikamwuliza mdogo wangu jambo moja: yule binti alishika ncha ya futikamba mwenyewe?

Alitazama bisibisi. "Mama amekufa siku nyingi, Dada."

Hilo ndilo jibu alilonipa. Kisha akaanza kutembea kuelekea bafuni.

Sijui miguu yangu ilitoa wapi wepesi. Nilimpita ukumbini, nikaingia, nikafunga. Komeo lilitoa mlio wake. Sasa nimeketi juu ya ndoo iliyofunikwa, daftari gotini.

Alianza kwa kubembeleza. Fungua, Dada, ni mimi. Sasa anauvuta mlango. Nilimbeba mgongoni mtoto huyu, na leo natazama mlango ukitikiswa na mtu anayenizidi nguvu, huku nikisikiliza kama kuna jirani. Yule binti alikuwa na chumba kidogo kuliko hiki. Na yeye hakuwa na mlango kati yake na mdogo wangu.

Mwandiko umekuwa mbaya. Nitaurekebisha.

Kesho asubuhi hakimu atasimama mbele ya rangi mbichi na kuniuliza. Nikisema ninalolijua, mdogo wangu anakwenda jela na nyumba inakwenda na dhamana. Nikisema wanalotaka, binti ndiye mwongo mbele ya mji mzima. Nikishakata shauri nitaliandika hapa, kwa mwandiko ulionyooka, kabla sijalisema kwa mtu.

Ameacha kuvuta. Wifi anamnong'oneza kwamba asihangaike na komeo, afungue bawaba.

Bawaba ziko upande wao.