Mdogo Wangu wa Skuta

Jumapili, 7 Septemba
Nimefua, nimepiga pasi sketi ya shule. Kiriaini, nilikohamishiwa kufundisha, baridi tupu. Kwenye nyumba niliyopanga Skuta, mtaa wa Nyeri, anakaa Nasimiyu, mke wa polisi aliyehamishiwa mbali, na binti yake. Mkataba wangu unakataza kumpangisha mtu bila ruhusa ya maandishi. Niliogopa kumwomba Mama Gathoni, mwenye nyumba, asije akaichukua, na mimi nataka kurudi Nyeri. Nikasema ni mdogo wangu, amelelewa Webuye kwa shangazi, ndiyo maana ana jina la huko. Akaamini! Na mimi ati mwalimu wa dini.

Alhamisi, 11 Septemba
Nasimiyu amejifungua msichana wa pili. Nimefurahi. Mama Gathoni amepiga simu kunipongeza. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na kina mama wa kanisa kumwona mtoto. Ningesema kweli hapo hapo. Nikasema asante.

Jumamosi, 20 Septemba
Aibu. Aibu tupu.
Walileta uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua. Kwetu msichana wa pili huitwa jina la nyanya mzaa mama, na Mama Gathoni anamjua mama yangu, Wangari. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Akampakata mtoto: "Haiya, Wangari wetu!" Nasimiyu, maskini, akajibu kwa heshima kwamba anaitwa Nekesa, amezaliwa wakati wa mavuno.
Mama Gathoni akamrudishia mtoto wake. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nikabaki huko huko, mwoga mimi.

Jumanne, 23 Septemba
Nimemuuliza wakili tunayesali naye. Nasimiyu hana haki yoyote kwa mwenye nyumba, ana neno langu tu. Anaweza kutolewa na kichanga mgongoni. Mama Gathoni hapokei simu zangu. Nimelia kwenye choo cha walimu.

Alhamisi, 25 Septemba
Ujumbe wa Mama Gathoni. Nyumba niiache mwisho wa Oktoba. Nasimiyu atabaki, amemwandikia mkataba wake mwenyewe. Halafu: "Ungeniuliza tu, ningekubali."
Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 31 Oktoba
Nimeenda kuchukua kabati na sufuria zangu. Nilipiga hodi mlango niliokuwa nafungua mwenyewe. Nilijitayarisha kwa maneno makali. Nasimiyu aliniwekea chai, akaniletea mtoto.
"Nekesa, mama mkubwa amekuja."
Hakuwa ananitania. Nilimpakata mpaka akalala, kisha nikaita mtu wa mkokoteni.